Vazi Lisilotakiwa Kuisha

Yaliyompata binamu yangu sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na soda yake nilimshikia mimi. Nasema hivi mapema kwa sababu yeye mwenyewe huyasimulia kwa namna nyingine, akicheka, na watu humwamini kwa kuwa ana sauti nzito na viatu vizuri.

Alikuja kwetu likizo ya mwaka wake wa kwanza chuoni, alikokuwa akisomea ujenzi. Ni mtoto wa mjomba, kwa hiyo mama yangu ni shangazi yake. Nyumbani tulimwita Profesa. Wengine walimsifu kwa jina hilo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na ndimi niliyemfulia soksi, kwa hiyo sifa zangu zilikuwa chache. Alikuwa na miezi tisa tu ya chuo, lakini tayari alijua kwa nini bomba letu la uani linavuja, na kwa nini baba, fundi bomba wa miaka ishirini, hajui kulitengeneza. Bomba lenyewe hakuligusa. Mama alimshonea shati Alhamisi, akalivaa siku hiyo hiyo, kisha akasema kola imekaa kishamba.

Jumamosi hatukuwa na mpango wa kwenda popote. Mama alikuwa kwenye cherehani, baba anaosha gari, Profesa kajilaza kwenye kochi akilalamika kwamba kwetu hakuna cha kufanya. Saa nne hivi simu ya mama ikaita. Mteja mpya, mwanamke, alitaka mama aende kupima vazi nyumbani kwake, kule mwisho wa barabara ya kiwanda cha matofali. Mama akachukua futi yake ya kupimia na daftari aende peke yake. Baba akasema gari limeshatakata, twende wote, tukimaliza tukapunge upepo. Tukanunua mikate na soda njiani. Profesa akakaa mbele, mama akakaa nyuma na mimi. Hakuna aliyemwambia ampishe shangazi yake, na yeye hakuona cha kupisha.

Nyumba ilikuwa ya kawaida kabisa. Ukuta mweupe, sakafu imepigwa rangi nyekundu, mapazia yamefuliwa. Ila mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja, na jikoni, nilipochungulia, masufuria yalikuwa mapya na bado yana karatasi za dukani.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mdogo wa umbo, mpole, anayezungumza chini chini. Baba alibaki kwenye gari. Sisi tukaongozwa hadi chumba cha nyuma. Kulikuwa na kitanda, na mtu amelala chali, amefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani. Juu ya kiti kulikuwa na kitambaa cha rangi ya majivu, kimekunjwa.

"Mgonjwa hawezi kusimama," bibi alisema. "Nataka vazi refu, la kumfika miguuni."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa na sharti moja la kazi, alilopewa na fundi aliyemfundisha: mtu aliyelala hapimwi. Aliye hai husimama, au hushikiliwa akae. Anayepimwa amelala ni wa sanda tu, na hiyo si kazi ya cherehani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Aliyelala simpimi. Akipata nafuu nitarudi."

Bibi hakukasirika. "Si lazima upime wewe," alijibu. "Yeyote atakayekubali."

Pale ndipo mjinga wetu alipojitokeza. Akacheka, akaivuta futi kutoka shingoni mwa mama kama anayetoa kitu chake mfukoni. "Shangazi, hii ni hesabu tu," alisema. "Ndiyo maana hamuendelei."

Nikamwona mama akifungua mdomo, kisha akaufunga. Aliona aibu kumkaripia mbele ya mteja, na aibu hiyo naijutia mpaka leo kuliko mengine yote.

Profesa akapima juu ya shuka. Akasoma kwa sauti, na mama, kwa mazoea ya mkono, akaandika. Bega inchi kumi na saba. Kifua thelathini na sita.

"Mgonjwa wenu ana kifua cha mwanafunzi," alisema, akacheka peke yake.

Mimi nilikuwa nikilitazama shuka. Halikupanda. Halikushuka.

Kalamu ya mama ikasimama. "Mkono wa kulia?" aliuliza, kwa kunong'ona.

"Ishirini na nne."

"Wa kushoto?"

"Ishirini na nne na nusu. Na hili bega la kushoto limelala kidogo."

Mama akalifunga daftari. Nilijua kwa nini. Alhamisi nilimsikia akilalamika kwamba Profesa hubeba begi upande mmoja, bega lake la kushoto limelala, na mkono ule umempa kazi ya nusu inchi.

Profesa akaiondoa futi begani pa mgonjwa. Shuka likashuka. Lilishuka polepole, kuanzia miguuni, mpaka likalala bapa juu ya godoro. Hapakuwa na mtu.

"Hewa," alisema Profesa.

Bibi akatusindikiza mpaka mlangoni. "Sina haraka," alimwambia mama. "Likiisha nitajua. Nitakuja kulichukua pamoja na mwenyewe."

Mama alinishika mkono mpaka ukauma. Tukapanda gari, baba akaondoka. Tulipofika barabara kubwa, Profesa akageuka nyuma, amejaa majivuno, ana kile kitambaa cha rangi ya majivu mapajani. "Umesahau kazi ya mteja, Shangazi," alisema. "Bahati nimekibeba mimi."

Mama alipiga ukelele turudi, na baba akageuza gari saa ile ile. Bibi hakuwepo. Chumba cha nyuma hakikuwa na kitanda. Baba alikiacha kitambaa sakafuni, akafunga mlango, akarudi mbio. Tulipofika nyumbani kilikuwa juu ya cherehani.

Mama hakukikata. Alikifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Jumamosi iliyofuata alikikuta kimekatwa, mwili na mikono, na mkono mmoja umezidi mwenzake nusu inchi. Jumamosi ya pili mabega yalikuwa yameungwa. Mishono midogo, iliyonyooka, mizuri kuliko ya mama.

Baba alitaka kulichoma. Mama akamuuliza, "Ukichoma kitu chenye vipimo vya mtoto wa kaka yangu, unajua unachoma nini?" Baba akarudisha kiberiti mfukoni.

Basi mama akaanza kulifumua, lisije likaisha. Kila Jumamosi alifungua kabati, akachukua wembe, akafumua kilichoshonwa wiki ile. Wiki iliyofuata alikikuta kimeshonwa tena. Miaka tisa hakuwahi kusafiri hata siku mbili. Alikosa harusi, alikosa mazishi ya dada yake. Macho yakaishia kwenye mishono ile. Alipokuwa haoni tena akanikabidhi wembe, na tangu hapo ni miaka miwili.

Na Profesa? Sasa ni mhandisi. Ana kitambi, ana mke, ana gari refu ambalo halijawahi kusimama mlangoni kwa shangazi yake. Tulimwambia kila kitu, akatuita washirikina. Hadithi ile ameigeuza kichekesho cha kwenye sherehe.

Mwezi uliopita tulikutana kwenye harusi ya ukoo. Alishika kipaza sauti, akaisimulia. Akamwigiza mama: magoti yanagongana, sauti inatetemeka, "Aliyelala simpimi." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mama alikuwa ameketi kando yangu, macho meupe, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta kinachochekwa. Kisha akatambua maneno yake. Akainamisha uso, akaanza kuchezea kitambaa cha meza.

Nilimdharau mtu yule tangu nikiwa na miaka kumi na minne, lakini siku ile nilimchukia. Jumamosi iliyofuata sikufungua kabati. Ya pili sikufungua. Ya tatu, ambayo ni juzi, mama aliniuliza asubuhi, "Umefumua?"

"Nimefumua."

Akanyoosha mkono, akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja. "Havina nyuzi," alisema. Alikaa tu, ameshika vidole vyangu.

Nikafungua kabati.

Mabega yameungwa. Mikono imeungwa. Shingo imepindwa. Ubavu wa kushoto umeisha. Ubavu wa kulia ulikuwa umeshonwa kuanzia chini, umebakiza vidole vinne kufika kwapani. Sindano haikuwepo, lakini uzi ulikuwa unaning'inia, na ulikuwa ukicheza.

Nikampigia Profesa, nikaweka simu mezani ili mama asikie.

"Ahaa, binti wa fundi," alisema. "Sema haraka, naenda hospitali."

"Unaumwa nini?"

"Upele tu. Vidoti vidogo, vimejipanga mstari, mbavu zote mbili. Huu wa kulia unapanda. Jana ulikuwa tumboni, leo uko karibu na kwapa." Akacheka kidogo. "Mke wangu anasema ni kama mtu amenipitisha kwenye cherehani. Nikasema maneno hayo yatawafurahisha ndugu zangu washirikina."

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikapitisha wembe chini ya mshono wa juu, nikaukata. Nikavuta uzi.

Kwenye simu akavuta pumzi kwa meno. Kicheko kikakatika.

"Nini?" nilimuuliza.

"Kimenichoma. Ubavuni." Sauti ilikuwa imepungua uzito. "Wewe... unafanya nini huko?"

"Fumua upesi, mwanangu," mama alininong'oneza. "Wembe ni mkali, hatasikia maumivu sana."

Niliuangalia ubavu ule. Ilikuwa mishono kama mia mbili, na kweli wembe ulikuwa mkali.

"Usikate simu, Profesa," nilisema.

Nikauweka wembe mezani, nikaanza kufumua kwa kucha.