Udongo Mweupe wa Bondeni

Asubuhi hiyo Mama Kimya alikuwa na sufuria tano za kusugua, na zote zilikuwa zimeungua. Mumewe alikuwa fundi wa kufyatua na kuchoma matofali. Siku za kazi alipenda kuwapikia vibarua yeye mwenyewe. Moto wa tanuri aliujua vizuri, lakini moto wa jiko ulimshinda.

Mama Kimya aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Alichovya kitambaa kibichi kwenye bakuli la unga mweupe, akasugua. Masizi yakatoka kama yameombwa.

"Dada, hiyo ni sabuni gani?"

Aliyeuliza alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani. Alifanya kazi katika ofisi ya utafiti. Kila siku aliondoka msafi na kurudi na matope hadi viwikoni, basi nyumba nzima ilimwita Bi Tope. Hakukasirika. Alisema jina hilo amelipata kwa jasho.

"Si sabuni," alijibu Mama Kimya. "Ni udongo. Fundi ameuleta kutoka kiwanja kipya, kule bondeni."

Bi Tope akaokota bonge la udongo ule. Lilikuwa jepesi kama mkate mkavu. Akalivunja na kulisugua kati ya vidole.

"Alichimba kina gani?"

"Muulize mwenyewe. Lakini akianza kuusifu, kazini utachelewa."

Kiwanja kile ndicho kilichokuwa habari ya nyumba. Mahali walipokaa, udongo wa kufyatulia matofali ulikuwa umekwisha. Kiwanja kipya kilikuwa bondeni, na mbele yake, mbali kidogo, kulikuwa na ziwa. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuona maji yakifika pale. Fundi alitaka kuhamisha tanuri na nyumba pia. Alikwisha kuchimba shimo la kujaribu udongo, akachimba na mtaro wa msingi. Wangehamia watu watatu: yeye, mkewe, na mama yake mzazi. Huyo Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi, na tangu hapo mguu wake mmoja ulikuwa wa kuburuta.

Jioni Bi Tope alimkuta Fundi barazani.

"Shemeji, huo udongo mweupe umeuona vipi shimoni?"

Fundi alifurahi kuulizwa. "Upo kwa mistari mistari. Juu udongo mwekundu, chini yake mweupe, tena mwekundu, tena mweupe, mpaka chini. Mwepesi, mkavu, hauna harufu ya tope. Sisi wachomaji tunasema, udongo mweusi umelala na maji, udongo mweupe umelala na jua. Pale pamekauka tangu dunia iumbwe."

"Nasikitika, shemeji. Mweupe huu umelala na maji kuliko huo mweusi."

"Huyu anataka tusihame," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Tukiondoka, nani atamchemshia maji ya kuoga?"

"Na hilo pia ni kweli, Bibi," Bi Tope alijibu.

Fundi akatikisa kichwa. "Nimeshika udongo miaka thelathini. Wewe unaupima kwa kijiko cha chai."

"Basi niruhusu nimwoneshe dada. Yeye hasemi asichokiona."

Kesho yake Mama Kimya alikwenda maabara. Kilikuwa chumba chenye meza ndefu, chupa ndogo zilizobandikwa namba, na harufu ya dawa kali. Bi Tope alichanganya chembe za udongo mweupe na maji. Akadondosha tone kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo.

"Tazama hapa."

Mama Kimya akainama. "Naona nywele nyeusi."

"Hizo ni kope zako. Sogea nyuma kidogo."

Akasogea, kisha akaona. Palikuwa na visahani vya duara, vimechorwa mistari iliyonyooka kutoka katikati hadi pembeni, kama kazi ya sonara. Vingine vilikuwa kama ngalawa ndogo. Vilikuwa vingi, vimelaliana.

"Nani amevichonga?" aliuliza taratibu.

"Vimejichonga vyenyewe, kwa uwezo wa Mungu. Ni mimea midogo mno ya majini, jamii ya mwani. Kila mmoja hujijengea ganda gumu, kama la kioo. Ukifa, ganda linazama. Yakilundikana miaka mingi, yanakuwa udongo huu mweupe."

"Kwa hiyo jana nilisugua sufuria kwa kioo."

"Ndiyo maana masizi hayakubisha."

Mama Kimya alitazama tena. "Na ukajuaje kwamba maji yalikuwa mengi? Mimea hii ingeweza kuota hata kwenye dimbwi."

Bi Tope alitabasamu. Wengi wa wanafunzi waliokuja kujifunza kwake pale maabara hawakuwahi kuuliza hivyo. "Kila aina ina makazi yake. Kuna inayong'ang'ania majani ya ukingoni. Kuna inayopenda maji ya chumvi, ziwa linapopungua na chumvi kuzidi. Hivi visahani vya duara huelea kwenye maji ya kina, mbali na ukingo. Pale mnapotaka kuweka kitanda cha Bibi, dada, palikuwa katikati ya ziwa."

Akabadilisha kioo. Sasa Mama Kimya aliona punje za rangi ya asali. Moja ilikuwa na miiba. Nyingine ilikuwa na vifuko viwili pembeni, kama masikio.

"Hii ni chavua," Bi Tope alieleza. "Ule unga wa maua unaochafua nguo ukipita shambani. Jani linaoza, ua linaoza, lakini ganda la chavua likizama topeni hudumu maelfu ya miaka. Kila mmea una chavua ya umbo lake. Hii yenye masikio ni ya mti wa milimani, unaopenda mvua. Nimeikuta kwa wingi kwenye udongo mweupe. Kwenye mwekundu ulioshikamana na bonge nimekuta chavua ya nyasi na vipande vya mkaa wa nyasi zilizoungua. Mwekundu ni miaka ya ukame. Mweupe ni miaka ya mvua."

"Kumbe hakuna aliyeandika, na bado imeandikwa," Mama Kimya alisema.

Mama Kimya hakuwa msemaji, na kwa sababu hiyo alipoanza kuzungumza jioni ile, hata Bibi aliacha kushona. Alieleza yote. Fundi alisikiliza, kisha akacheka, ila si kwa furaha.

"Mwani uliokufa ndio unipangie pa kulala?"

"Sijasema ukupangie, Baba. Nasema ulikuwa mpangaji pale kabla yetu."

"Lini?"

Bi Tope akajibu. "Tumetoa tope ziwani kwa bomba refu. Mistari hiyohiyo imo. Tulipima umri wa vipande vya mkaa vilivyo ndani yake. Mweupe wa juu una miaka kama mia mbili. Unaofuata, mia tano na zaidi."

"Miaka mia mbili! Nitakuwa nimekufa."

"Wewe, sawa," Bibi akasema. "Na nyumba nayo itazikwa na wewe?"

"Ziwa halina saa, shemeji," Bi Tope aliongeza. "Laweza kurudi katika maisha ya wajukuu, laweza kurudi mwaka kesho. Tope halitaji tarehe, linaonesha mazoea tu. Lakini mwaka wa pili huu maji yanapanda kwenye nguzo yetu ya kupimia."

Fundi alinyanyuka akaingia ndani. Siku ya tatu alimwambia mkewe, "Mwambie huyo Bi Tope wako twende shimoni. Nataka anioneshe kwenye udongo, si kwenye kioo."

Wakaenda watatu. Fundi akashuka shimoni kwa ngazi, akaupangusa ukuta kwa kiganja. Mistari ikaonekana wazi.

"Shemeji, ukijenga ukuta, kozi ya juu ya matofali huweza kuilaza kabla ya kozi ya chini?" Bi Tope aliuliza akiwa ukingoni.

"Hilo ni swali la kumuuliza fundi?"

"Basi soma ukuta huu kama wa tofali. Anzia chini."

Fundi alianzia chini. Kidole chake kilipanda kutoka mweupe hadi mwekundu, polepole, maana hapo rangi zilichanganyika. Kisha kikafika mahali mwekundu ulipokoma na mweupe kuanza. Hapo kikasimama. Akarudi kuangalia chini, akaangalia juu. Mahali pote pa namna ile palikuwa sawa.

"Ziwa likiondoka, linaondoka polepole," alisema mwisho, kama anajisemea. "Hapa rangi zimeingiliana. Lakini likirudi, angalia, mstari umekatwa kama kwa kisu. Halikubisha hodi."

"Ndivyo," Bi Tope alisema. "Misimu michache tu."

Fundi alikaa kwenye ngazi. Mama Kimya alimwona akitazama mtaro wa msingi, kule kwenye pembe ambayo ingekuwa chumba cha Bibi.

"Mama yangu hawezi kukimbia," alisema.

Mama Kimya akaenda kuchukua jembe.

"Huu weupe lazima unakomea mahali," alisema. "Tuutafute."

Walipanda mteremko. Kila hatua hamsini Fundi alichimba shimo la kufika kiunoni. Kwenye shimo la kwanza mstari mweupe ulikuwa wa upana wa kiganja. La tatu, vidole viwili. La tano, ulikuwa mwembamba kama uzi, na ndani yake mlikuwa na makombe ya konokono. "Hapa ndipo ulipokuwa ukingo," Bi Tope alisema. Shimo la sita lilikuwa na udongo mwekundu mtupu, na mawe. La saba vilevile.

Fundi alifuta jasho. "Sasa huku juu nitafyatua nini? Mawe?"

"Fyatua kule chini, kiangazi," Mama Kimya alisema. "Kazi inaweza kuhama kwa siku moja. Kitanda cha mgonjwa hakiwezi."

Ikawa hivyo. Walifukia mtaro wa kwanza, wakajenga nyumba na tanuri kule juu, penye shimo la saba. Kupandisha matofali mteremkoni kulikuwa kazi ngumu, na vibarua walinung'unika. Baadhi ya majirani walikwenda kujenga bondeni. Walipomwona Fundi akisukuma mkokoteni walimtania. "Fundi anakimbia mwani!" Fundi alijaribu kuwaeleza. Waliosikia walikuwa wawili.

Mwaka wa tatu tangu wahamie, mvua za milimani zilinyesha bila kupumzika. Ziwa lilivuka nguzo ya kupimia. Likavuka barabara. Asubuhi moja Mama Kimya alifungua dirisha baada ya sala, akaona maji yametanda juu ya shimo la udongo na kiwanja chote cha zamani. Yalikuwa yametulia, yanang'aa. Bibi alikuwa bado amelala. Mama Kimya hakumwamsha.

Majirani walikuwa wanapanda mteremko, magodoro vichwani na kuku mikononi. Hakuna aliyekufa, shukrani kwa Mungu. Fundi alikuwa amekwisha shuka na mkokoteni kuwapokea. Mama Kimya aliweka maji ya moto jikoni, akawakaribisha wote uani.

Mmoja wao, yule aliyemtania zaidi ya wengine, alisimama akitazama chini. Hakuwa na uso wa utani.

"Fundi, maji haya yatasimama wapi? Tujenge wapi sasa?"

Fundi hakumkumbusha chochote. Alimkabidhi jembe, akachukua na lake.

"Njoo," alisema. "Tutachimba, na udongo wenyewe utatuambia."