Gesare Hakungoja Kipindupindu Kiishe

Mwaka ule kipindupindu kilipoingia, soko la Kebirigo lilifungwa. Watu waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Nyamoita, mfanyakazi wa afya, alipita nyumba kwa nyumba akifundisha kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni.

Kwa Gesare, alikwenda nyuma ya nyumba kukagua choo. Huko, katikati ya migomba, aliona vitambaa vimeanikwa. Vilikuwa na madoa ya damu. Gesare alikuwa mjane mwenye wajukuu, na hakuna mwanamke mwingine aliyeishi naye.

Nyamoita alimwuliza kwa upole. Gesare alieleza kwamba hedhi ilikoma zamani, kisha damu ikarudi. Kabla ya kipindupindu, daktari alimpima akakuta kansa ya mlango wa kizazi. Alimwambia aende Nairobi kutibiwa kwa mionzi. Lakini mwanawe, Nyangau, alisema wangoje kipindupindu kiishe.

"Nyangau anajua unaumwa nini?"

"Nilimwambia ni mgongo."

Hapo ndipo tunapojimaliza sisi Wagusii. Mama kumtajia mwanawe mambo ya uzazi ni aibu kubwa. Na nani atampeleka mama yake hospitalini penye kipindupindu kwa sababu ya mgongo? Nyangau alikuwa akimlinda.

"Mama," Nyamoita alisema, "kipindupindu kina kinga. Beba maji yaliyochemshwa, kula chakula cha moto, nawa mikono. Hospitalini wagonjwa wa kipindupindu wana wodi yao. Lakini kansa inaendelea kukua ukiwa umekaa hapa. Ikiwahiwa, inaweza kupona."

Nyamoita alitaka kwenda kumweleza Nyangau. Gesare alikataa katakata.

"Nilimzaa mwenyewe. Nitamwambia mwenyewe."

Jioni alimwita mwanawe. Aliona haya, lakini hakurudi nyuma.

"Mwanangu, si mgongo. Natokwa na damu pale ulipotokea wewe. Ni kansa. Kesho nakwenda Nairobi."

Nyangau aliinamisha macho. Kisha akasimama.

"Nitachemsha maji ya safari, Mama."

Gesare alitibiwa, na damu ikakoma. Soko lilipofunguliwa tena, alirudi kuuza ndizi zake. Mpaka leo, mwanamke akilalamika mbele yake kwamba mgongo unamwuma, Gesare humsogelea na kumwuliza, bila haya yoyote, "Ni mgongo kweli?"