Mgonjwa wa Alhamisi

"Umecheka kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kabati kufunguliwa."

Baridi aliisimamisha filamu. Kwenye kompyuta, kapteni mwenye masharubu alibaki ameshika kitasa cha kabati, hajakivuta bado. Mle ndani alikuwa amejificha jenerali wake, soksi mguuni, viatu mkononi. Lakini hilo lilitakiwa kujulikana kabati likishafunguka.

"Nimekisia," mkewe akasema, akachota bisi kwenye bakuli.

"Umekisia kwamba jenerali yumo kabatini? Na viatu mkononi?"

"Kwenye filamu hizi umeshaona kabati tupu? Endelea bwana, wimbo unakuja."

Baridi akabonyeza. Kapteni akafungua kabati, jenerali akaanguka kifudifudi, na kabla hajainuka, ala za muziki zikaanza na wote wawili wakaimba.

Wimbo ulikuja kweli. Baridi hakuusikia. Alikuwa anamtazama mkewe.

Yeye alikuwa fundi wa friji, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Baridi. Mkewe alikuwa mpima macho kwenye duka la miwani, na Baridi alimwita Miwani tangu enzi za uchumba, ingawa macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kila Jumapili jioni walizima simu, wakavuta pazia, wakatazama filamu za kale za Hollywood, zile zilizotokana na opereta, michezo ya kuimba ya jukwaani. Humo malkia hujifanya mjakazi, ofisa hujifanya mpishi, na mtu akilemewa na maneno ya kusema, anaimba. Walizipenda mno. Na walikuwa na sharti moja: hakuna kumtangulia mwenzako. Filamu mpya inaonwa na wawili, au haionwi.

Kesho yake, akiwa amechuchumaa nyuma ya friji ya duka la maziwa, Baridi alimpigia dada yake.

"Dada, mtu anaweza kujua wimbo unakuja kwenye filamu ambayo hajawahi kuiona?"

"Umenipigia saa za kazi kuniuliza hilo?"

"Nijibu kwanza."

"Hawezi. Kaiona na nani?"

"Ndicho kinachoninyima raha."

Dada akashusha sauti. "Mdogo wangu, filamu yenyewe ni ya mapenzi?"

"Zote ni za mapenzi."

"Basi fumbua macho. Na usimuulize. Ukimuuliza, atajipanga."

Baridi hakuuliza. Alianza kuchunguza. Aligundua kwamba siku hizi Miwani anabeba kompyuta kazini, mkoba umemvimba ubavuni. Aligundua kwamba akiosha vyombo huimba kwa sauti mbili, ya kwake na nyingine nzito ya kuigiza mwanamume. Jumatano jioni, Miwani akiwa anaoga, simu yake iliwaka juu ya meza. Ujumbe ulitoka kwa namba iliyohifadhiwa kama Mgonjwa wa Alhamisi.

"Kesho usikose. Wiki nzima naisikia sauti yako. Mlango nitauacha wazi."

Baridi aliusoma, akaurudia, kisha akairudisha simu pale pale ilipokuwa.

Wakati wa kula akajikaza.

"Kesho unatoka saa ngapi?"

"Alhamisi? Jioni kama kawaida. Wagonjwa wengi."

"Wengi?"

"Sana. Mbona hivyo, chakula hakina chumvi?"

"Kina chumvi."

Asubuhi alipiga simu dukani, akajifanya mteja.

"Naomba kupimwa macho leo jioni na yule dada."

"Samahani kaka," msichana wa mapokezi akajibu kwa adabu. "Alhamisi hutoka mchana. Tukuandikie Ijumaa?"

"Mchana? Siku zote?"

"Miezi sasa. Tukuandikie?"

Baridi akakata simu bila kuaga.

Mchana huo aliegesha pikipiki mkabala na duka la miwani, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma, kofia ngumu kichwani asijulikane. Miwani akatoka. Alikuwa amevua koti jeupe na kupaka mdomo rangi. Akakata kona mbili, akaingia kwenye jengo la ghorofa lililobanduka rangi, juu ya duka la kuoka mikate. Baridi akamfuata kwa mbali, akapanda ngazi akikanyaga kwa ncha za viatu. Mlango wa mwisho ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

Akasogeza sikio.

"Nimekupenda tangu siku ile ya dansi," ilikuwa sauti ya Miwani, laini, sauti ambayo Baridi aliidhania ni ya kwake peke yake. "Lakini mimi si mwanamke huru. Wakijua niko hapa na wewe, nimekwisha."

Mwanamume akakohoa. "Endelea. Usinikatishe roho hapo."

"Nishike mkono. Usiseme kitu. Kesho nitarudi kwa yule niliyeandikiwa, lakini moyo nimekuachia wewe."

Baridi aliusukuma mlango kwa bega, ukagonga ukuta.

Sebule ilikuwa ndogo. Kompyuta yao ilikuwa juu ya stuli, kapteni na malkia wakitazamana kwa macho ya kulegea. Miwani alikaa kwenye kiti kifupi mbele yake, uso ukielekea kioo cha kompyuta. Mbali naye kidogo, kwenye kochi, alikaa mzee mwembamba aliyevaa miwani myeusi, na hakuwa akiitazama kompyuta. Alikuwa ameelekeza uso ukutani, ametega sikio la kushoto.

Sikio lile lilikuwa limejikunja juu kama jani lililonyauka. Baridi alilijua. Alikuwa na lake la namna hiyo hiyo, alikutana nalo kwenye kioo kila aliponyoa ndevu.

Miwani aliinuka, mkono mdomoni.

"Nani kaingia?" mzee akauliza. "Fundi wa maji?"

Kwenye kompyuta muziki ulipanda, kapteni akamvuta malkia kifuani, akambusu.

"Binti, mbona umenyamaza? Wamefika wapi? Wamesalimiana tena?"

"Ndiyo, baba," Miwani akasema. "Wamesalimiana."

"Watu hawa kwa salamu!"

Siku nyingine yoyote Baridi angecheka mpaka akae chini. Alimshika mkewe kiwiko, akamtoa mpaka kwenye ngazi, akarudisha mlango.

"Wewe," akaanza kusema.

"Nimekudanganya. Hilo sibishi."

"Umenifanya mjinga! Nimekaa nje ya mlango nasikia mke wangu anamwambia mwanamume nimekupenda!"

"Nilikuwa namtafsiria. Haoni kabisa, na Kiingereza hajui. Bila mimi anasikia kelele tu."

"Na ule ujumbe? Naisikia sauti yako wiki nzima?"

"Umesoma simu yangu?"

"Usinigeuzie kibao!"

"Jirani ndiye anayemwandikia. Asiyeona atasikia nini kingine, bwana, kama si sauti?"

"Ulimpata wapi huyu?"

"Aliletwa dukani kupimwa. Presha ya macho, ilikuwa imeshamaliza kazi. Nikaandika jina lake, nikakuta ni la ukoo wako. Nikatazama sikio. Nikamuuliza kama ana watoto, akanitajia wewe na dada yako, nikamwambia mimi ni mkeo." Miwani akamtazama usoni. "Uliniambia baba yako amekufa."

Baridi akageukia ukuta.

"Siku ulipokuja kwetu kuniposa, wazazi wangu walikuuliza. Ukawajibu amekufa. Dada yako alikuwa amekaa pembeni yako, akaitikia. Mama yangu akalia kwa kukuonea huruma!"

"Kwangu mimi alikufa. Alimwacha mama kitandani anaumwa, akahamia kwa mwanamke mwingine. Siku ya maziko hakuonekana."

"Ungeniambia hivyo. Ningekuelewa."

"Na wewe kwa nini hukuniambia umempata?"

"Kwa sababu nilikuogopa." Alisema polepole, kama anayelichagua kila neno. "Nililala kitanda kimoja na mtu aliyemzika baba yake akiwa hai, na hakuna siku niliyomwona amekosa usingizi. Nikajiuliza, mimi naye akinichoka, atawaambia watu nimekufa? Nilikuja mara ya kwanza kumchunguza yeye ili nikujue wewe. Baadaye nikawa nakuja kwa ajili yake. Aliniomba kitu kimoja tu, kusikia tena filamu za kuimba. Ile ya Jumapili tulishaianza naye, ndiyo maana nilicheka kabla."

Toka Jumapili Baridi alikuwa amemtuhumu mwanamke huyu moyoni, kumbe mwenzake alimtuhumu yeye kwa miezi.

Kutoka ndani sauti ikaita. "Binti! Huyo si fundi wa maji. Wa maji angeshaanza kulalamika. Ni nani?"

Miwani alimwachia mumewe ajibu.

Baridi akaingia, akasimama katikati ya sebule.

"Mimi ni fundi wa friji."

Mkono wa mzee ukatafuta ukingo wa kochi, ukaushika.

"Friji yangu haina tatizo," akasema taratibu.

"Najua."

"Mama yako alikuwa hivyo. Akikasirika, sauti inashuka chini."

"Usimtaje."

"Sawa."

"Hukuja kumzika."

"Sikuja."

"Kwa nini?"

Mzee alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akairudisha. Macho yake yalikuwa na ukungu. "Nilikuja mpaka kwenye kona. Nikaona viatu vya watu vimejaa mlangoni, nikasikia dada yako analia, miguu ikakataa. Sina sababu nyingine, na hiyo yenyewe naijua haina maana."

Filamu ilikuwa bado inaendelea peke yake, watu wakicheza dansi ukumbini bila mtu wa kuwatazama.

"Nenda nyumbani, mke wangu," Baridi akasema.

"Utamfanya nini?"

"Nenda tu. Niachie kompyuta."

Miwani aliondoka akigeuka nyuma. Nyumbani alipika, chakula kikapoa, akakipasha, kikapoa tena. Alimpigia mumewe, simu ikaita bila kupokelewa. Aliwaza talaka. Aliwaza ndugu zake watakavyosema. Jua lilikuwa linazama aliposikia pikipiki.

Baridi aliingia macho mekundu, akaweka kompyuta mezani, akaketi.

"Sijamsamehe," akasema.

"Sijakuomba umsamehe."

"Tumemaliza ile filamu. Sijui kutafsiri kama wewe, nimekwama mara nyingi. Walipobusiana nikamwambia wanabusiana. Akasema alijua tangu mwanzo, ila hakutaka kumwaibisha mkwe wake."

Miwani alicheka, akajizuia, machozi yakamtoka. "Amekuuliza nini kingine?"

"Kama ninakutunza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aniulize siku nyingine, leo sina jibu zuri." Akavuta kiti karibu na cha mkewe. "Pale mlangoni niliamini umeniacha. Nilianza kugawanya vyombo kichwani."

"Kwa nini hukubisha hodi kama watu?"

"Niliogopa utafungua."

Wakakaa. Nje watoto walikuwa wanaitwa ndani kuoga.

"Tusiendelee hivi," Miwani akasema. "Mimi kukupeleleza, wewe kunifuata na pikipiki. Kama kuna kingine, tukitoe leo. Kwangu hakuna kilichobaki. Kwako?"

Baridi alitazama mikono yake, kucha zenye weusi wa grisi.

"Kipo. Nilikuambia mama ndiye aliyekuwa ananipeleka sinema. Si kweli. Mama hakuzipenda, alisema kelele. Alikuwa yeye. Ukumbi ulijaa, ananiweka mabegani nione juu ya vichwa vya watu, na mimi nashika masikio yake nisianguke." "Kila Jumapili nikikaa na wewe kwenye kochi hili, nilikuwa naye. Nilimkataa mbele ya watu wote, na nilikuwa naye."

Miwani alimshika mkono, ule wa grisi, akauweka magotini mwake.

"Tumlete hapa Jumapili?" akauliza.

"Hapana. Bado." Alifikiri. "Dada nitamwambia mwenyewe, na atapiga kelele. Alhamisi nitakwenda na wewe. Usinitake niongee. Nitakaa karibu na mlango, wewe utafsiri."

"Na ukichoka?"

"Nikichoka nitatoka nje, halafu nitarudi ndani."

Miwani akaenda kukipasha chakula kwa mara ya tatu, na safari hii wakakila.