Nani Kauhamisha Mlima wa Leahi?

Jumamosi mchana barabara ya Kalakaua, hapa kwetu ufukweni Waikiki, haina nafasi hata ya paka kupita, na Likeke Mahoe alikuwa anapita na kasia la ngalawa begani. Kaptula nyekundu, kofia ya ukili, kamera shingoni. Ng'ambo ya barabara Sonny Freitas, mkodishaji wa mbao za kuteleza mawimbini, akamwona.

"Mfagiaji! Bahari umemaliza kuifagia?"

Likeke aligeuka amjibu. Kasia nalo likageuka, likapiga bakuli la saimin mkononi mwa msichana aliyekuwa anatoka studio ya picha. Tambi zikamwagika zote kwenye gauni lake la njano.

"We kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Ila yako mbele, na kasia liko nyuma."

"Sasa mimi nile nini? Kasia?"

"Nitakununulia bakuli jingine. Mawili! Na gauni nitalifua."

"Nilivue hapa hapa?"

Watu wakaangua kicheko. Likeke akawa mwekundu kushinda kaptula yake. Msichana alikuwa anang'oa tambi begani alipoiona kamera, akasahau hasira.

"Ngoja. Wewe ndiye Mahoe? Mimi ndiye ninayesafisha picha zako humu studioni kwa Mama Uyeda! Kaka yangu, mbona kwako bahari imelala upande kila siku? Watalii wako wote wanaonekana wanateremka mlima."

"Ni kwa sababu napiga nimesimama."

"Hata mimi nasimama, na dunia yangu iko sawa."

Jina lake Winona Akana, na tangu siku hiyo Likeke hakulala vizuri.

Sasa, hilo la kusimama. Vijana wa ufukweni walilala kifudifudi juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono, au walipiga magoti. Likeke yeye alisimama wima katikati ya maji na kasia refu kama anayefagia, kamera ikining'inia kavu kifuani, akiwafuata watalii wanaojifunza ili awapige picha wakianguka. Leo ukiuliza Waikiki nani aliyeanza mambo hayo, kila ukoo utakutajia mjomba wake. Mimi nawakumbuka wajomba hao. Walikuwa wamekaa chini ya mwavuli wakimcheka Likeke mpaka machozi.

Winona pia alimcheka, ila kwa namna nyingine. Likeke alimletea saimin, akamletea maandazi ya malasada ya moto. Jioni akapiga simu kutoka kibanda cha Sonny.

"Studio ya Uyeda, nikusaidie nini?"

"Naulizia bahari yangu. Imelala?"

"Imelala fofofo. Mpenzi, umewahi kuniletea hata picha moja iliyonyooka?"

"Umeniita nani?"

"Nimekuita mteja. Kata simu, Mama Uyeda anakuja."

Lakini kila mmoja alimwogopa mwenzake. Likeke alidhani msichana mzuri vile hawezi kumtaka mwanamume anayechekwa na ufukwe mzima. Winona naye aliogopa kutamka wa kwanza, mwisho akachoka kungoja. Kwetu kuna njia ya kusema bila kufungua mdomo: ua likiwa sikio la kulia, moyo hauna mtu, likiwa la kushoto, una mwenyewe. Winona hakuwa na kawaida ya kuvaa ua. Jumapili moja alichuma moja kubwa, akalichomeka kulia, akapanda ngalawa ya shangazi yake.

"Nipige picha leo," alikuwa amemwambia Likeke. "Na uniangalie vizuri."

Likeke alikuja amesimama, jua machoni, wimbi linamjia mgongoni. Akalenga, akabonyeza, akatumbukia majini mkono mmoja juu akiinusuru kamera. Ua hakuliona kabisa. Alipoibuka, ngalawa ilikuwa imeshaenda.

Winona aliisafisha filamu hiyo mwenyewe. Kwenye chumba cha giza alikuwa anajiimbia kwa furaha, akailaza filamu mgongo kwa tumbo na asitambue. Picha ilipotokea alijitazama anavyotabasamu tu, akaitia kwenye bahasha.

Likeke aliifungua pale pale barabarani. Kwa mara ya kwanza bahari ilikuwa imenyooka. Akataka kuruka kwa furaha, kisha akaliona ua. Sikio la kushoto. Kumbe ndiyo maana aliambiwa aangalie vizuri! Alirudi nyumbani miguu mizito, akala sahani nzima ya poi, ule uji mzito wa magimbi, bila kujua anakula nini.

Winona alingoja simu. Jumanne akapiga yeye.

"Mfagiaji, simu yako!" Sonny aliita.

"Umeiona picha?" Winona aliuliza.

"Nimeiona."

"Umeangalia vizuri?"

"Vizuri sana. Hongera."

"Hongera?"

"Ndiyo. Nimefurahi kwa ajili yako."

Winona alibamiza simu mpaka Mama Uyeda akaangusha miwani. "Namfungulia mtu moyo, ananipa hongera kama nimefaulu mtihani!" Akaingia chumba cha giza, akalia, akajifanya ni zile dawa zinazomwasha macho.

Likeke aliacha kusimama. Alilala juu ya ubao kama wenzake, na hata Sonny akakosa hamu ya kumtania. Mwisho akatangaza kwamba Jumamosi anakwenda kisiwa cha Lanai kwa kaka yake, kukata mananasi, na hatarudi. Hakutaka kuwa hapa siku Winona anapoolewa na huyo mwenye ua lake.

Jumamosi ikafika. Likeke alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, kofia yake ya ukili, viatu, na mashada ya maua aliyovishwa na shangazi zake ya kumuaga. Mkononi alikuwa na begi, begani lile kasia, amwachie Sonny. Mbele ya studio akakuta umati. Mama Uyeda alikuwa ameipenda ile picha, akaikuza na kuitundika dirishani, na Sonny alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka.

"Mfagiaji! Bahari umeinyoosha, sasa umehamia kwenye milima?"

"Niache, Sonny. Leo sina utani."

"Hebu tazama! Tangu bibi yangu hajazaliwa, ukirudi kutoka baharini Leahi iko mkono wa kulia. Wewe umeihamishia kushoto! Wenyewe wanajua?"

Likeke alitazama. Siku zote hizo alikuwa ameliangalia ua peke yake. Mlima ulikuwa umekaa kushoto, mkubwa, hauna hata haya.

"Sonny," alisema polepole. "Ua liko sikio gani?"

"Kushoto. Kwani huoni?"

"Haya, urudishe mlima mahali pake. Sasa liko sikio gani?"

Sonny alikunja uso, akageuza viganja vyake. "Kulia... Likeke! Hana mtu!"

Begi likaanguka. Likeke akambusu Sonny kwenye paji la uso, akachungulia dukani.

"Yuko wapi?"

"Majini, na ngalawa ya shangazi yake," alisema Mama Uyeda. "Amesema hataki kuona watu wanaosafiri."

Likeke aliuchukua ubao wa Sonny bila kuuliza. Akasimama juu yake na suruali yake ya pasi, viatu, mashada yote, akapiga kasia kama mwendawazimu. Chini ya mwavuli wajomba waliinuka kutazama.

"Umekuja kuaga?" Winona aliuliza bila kugeuka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nimekuja kurudisha mlima. Umeisafisha picha kinyume, mpenzi. Kwenye picha Leahi iko kushoto."

Winona aligeuka, akautazama mlima, akalishika sikio lake. Kisha akaziba uso kwa mikono miwili.

"Miezi yote unaicheka bahari yangu!" Likeke alisema.

"Nyamaza! Kwa hiyo ile hongera..."

"Nilidhani una mwenyewe."

"Nilikuwa nakwambia sina, mjinga wewe!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilikuwa nakwambia nakupenda!"

Likeke alichomoa ua kwenye shada lake, akamnyooshea. Winona alilichomeka kulia.

"Hapa ndipo lilipokuwa Jumapili." Kisha akalitoa, akalihamishia kushoto. "Na hapa ndipo litakapokaa. Umeona? Usiniambie ulikuwa unaangalia wimbi."

Likeke alitaka kupiga magoti amwombe uchumba.

"Usipige magoti, utaang—"

Alianguka. Kofia ikaelea, viatu vikazama. Akaibuka anatema maji ya chumvi.

"Winona, utakubali kuolewa na..."

"Panda kwanza! Magoti waachie wengine. Mimi nimempenda mwanamume anayesimama."

Likeke akapanda ubao, akashika kasia, akasimama. Maji yanamchuruzika, akauliza upya, na safari hii hakuanguka mpaka aliposikia ndiyo.