Merle Tollefsen Hakuanguka

Merle Tollefsen alikufa akiwa amesimama, na maiti yake ikacheza wimbo mzima kabla ya mtu yeyote kujua.

Ilikuwa alasiri, na ukumbi wa Kettle Bay ulifurika watu hadi ngazi za juu kabisa. Wakati wa baridi hapo ni mahali pa kuteleza kwenye barafu. Kiangazi hicho sakafu ya mbao ilikuwa imetandazwa, bendi imewekwa pembeni, na mji mzima ulikuja kutazama marathoni ya dansi. Wachezaji walianza wengi. Wakaanguka mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakicheka kama wendawazimu. Sasa walibaki wanne tu: Dutch Mahaffey na mwenzake Fern, ambao kazi yao ilikuwa hiyo hiyo ya kuzunguka miji wakicheza, na Merle Tollefsen, fundi wa reli aliyeachishwa kazi, pamoja na dada yake Alvina.

King'ora cha mapumziko kililia. Dutch na Fern wakakimbilia vitanda vyao. Alvina hakutoka. Aliendelea kuzunguka taratibu, kichwa cha kaka yake begani kwake, ncha za viatu vya kaka huyo zikiburuzika sakafuni.

Nesi Hedwig Lautner akaingia kuwapokea. Akamgusa Merle shingoni, kisha akaurudisha mkono upesi kama aliyeungua.

"Alvina, mwachie."

"Amelala."

"Mwachie, mwanangu. Amekufa."

Ukumbi mzima ulisikia. Watu walikuwa wameishangilia maiti.

*

Inspekta Ruben Kovarik hakuwa na hamu na mambo ya dansi. Alikuwa mnene, magoti yake mabovu, na tangu marathoni ianze alikuwa akiiita upumbavu wenye tiketi. Alipofika aliiangalia maiti, akaangalia miguu yake iliyovimba hadi viatu kukatwa kwa kisu, akasema, "Fungeni ukumbi."

Royal Tibbets, mwenye onyesho, akamrukia. "Afande, huwezi!"

"Nitazame vizuri kama siwezi."

"Hii ni ya hisani! Kila saa ambayo mtu wa Kettle Bay yumo sakafuni, watu wa mji wametoa ahadi ya mchango. Wodi mpya ya watoto wa kifua kikuu haijaezekwa, haina hata godoro. Ukifunga, umeifunga na wodi."

"Mtu wenu wa Kettle Bay amelala kwenye machela."

"Mmoja," Tibbets akasema, akaonyesha kidole. "Mwingine yule pale."

Kovarik akageuka. Alvina Tollefsen alikuwa amerudi sakafuni peke yake. Kanuni zilimruhusu aliyefiwa au kuachwa na mwenzake acheze siku moja zaidi. Mikono yake ilikuwa juu, imeshika hewa kama inavyomshika mtu, na miguu yake ilikuwa inakwenda. Bendi hawakujua la kufanya. Mpiga kinanda akaanza polepole, na wenzake wakamfuata.

Inspekta alisahau kuvaa kofia yake. Alikuwa ameona watu wakizimia kwa msiba, wakipiga kelele, wakijigaragaza. Hili hakuwahi kuliona.

"Sajenti," akamwambia Dooley, msaidizi wake, "umemhoji yule?"

"Nimetembea naye mizunguko miwili, afande. Nimeishiwa pumzi mimi, yeye wala. Anasema kaka yake alikuwa mzima kama farasi."

"Basi farasi hafi hivi hivi. Kusanya vikombe vyote."

*

Asubuhi iliyofuata daktari wa polisi alikuwa na majibu.

"Dawa ya usingizi," alisema. "Imo tumboni, ndani ya kakao. Na kikombe chake kina mabaki ya unga huo huo."

"Kipimo cha kuua?"

"Hapana, na ndilo linalonishangaza. Ni kipimo cha kumlaza mtu mzima, basi. Wewe ungekoroma mpaka mchana, ukaamka na njaa." Daktari akavua miwani. "Lakini moyo wa huyu bwana ulikuwa umetanuka kama kiatu cha zamani. Alitakiwa awe kitandani kitambo. Ruben, nimepasua maiti nyingi. Sielewi miguu hii ilisimamaje."

Kovarik akaandamana na Dooley kurudi ukumbini. Walimkuta Alvina bado anacheza. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo imepasuka, macho wazi lakini hayaoni. Watu waliokuja na vikapu vya mkate na soseji walikuwa wamekaa bila kula.

"Usiku kucha?" Kovarik akamuuliza mwamuzi.

"Usiku kucha, afande. Mimi nimeshaamua mashindano mengi ya namna hii." Mwamuzi akatikisa kichwa.

Nesi Hedwig alihojiwa kwenye chumba cha mapumziko cha wanawake, mbele ya kabati la dawa.

"Dawa za usingizi zinakaa humu?"

"Ndiyo. Na pakiti moja haipo. Nimegundua leo."

"Ufunguo?"

"Shingoni kwangu. Lakini nikiwa nafunga vidonda vya miguu, kabati huwa wazi. Siwezi kufunga na kufungua kila dakika, afande."

"Wanaume wanaingia humu?"

"Hata Bwana Tibbets haingii. Ningemtoa kwa ufagio."

"Moyo wa Merle. Ulijua?"

Nesi akainamisha kichwa. "Nilimsikiliza kwa kipimo. Ulikuwa unadunda, unasimama, unadunda. Nikamwambia Bwana Tibbets amtoe. Akacheka, akasema watu wanamlilia huyu kuliko wote, atamtoaje?"

"Ukamwambia nani mwingine?"

Nesi akaushika ufunguo shingoni.

"Nesi Lautner."

"Nilimwambia dada yake."

Kovarik na Dooley wakatazamana. Mzima kama farasi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Dooley akanong'ona walipotoka.

"Usiimbe kabla ya ngoma. Bado kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutaka Merle aanguke."

*

Mtu huyo alikuwa Dutch Mahaffey, na Dutch asingeweza kusimama ahojiwe. Ilimbidi inspekta atembee ubavuni kwake, akiruka ruka kukwepa miguu ya Fern, aliyekuwa amelala fofofo kifuani kwa Dutch huku miguu yake ikicheza.

"Pisha njia, mzee," Dutch akasema. "Una magoti ya bibi kizee."

"Na wewe una ulimi wa kasuku. Ulimtilia nini Merle kwenye kakao?"

"Mimi?" Dutch akacheka, lakini kicheko kikakauka. "Nilimtania kila siku, kweli. Nilimwita Injini Mbovu. Ndiyo mchezo ulivyo, watu wanapenda. Lakini nimshinde mtu aliyelala? Hapo nimeshinda nini?"

"Ungeondoka na taji."

"Sikiliza, afande. Wiki ya kwanza mpumbavu mmoja alimwekea sabuni kwenye supu. Alishatolewa huyo zamani. Tangu siku hiyo Merle hakuweka mdomoni kitu chochote isipokuwa kilichotoka mkononi kwa dada yake. Hata maji." Akamgeuza Fern kwa uangalifu, kama anayegeuza mtoto kitandani. "Unajua kwa nini alikuwa anacheza?"

"Kwa ajili ya taji."

"Taji wapi! Binti yake, Inga. Alikufa kwa kifua wakati wa theluji, akisubiri kitanda hospitali. Wodi iliyopo imejaa. Yule bwana alikuwa anacheza kwa ajili ya vitanda vya watoto wa watu. Wake ameshamzika." Dutch akamkazia macho. "Mimi nacheza kwa ajili ya tumbo langu. Sasa nenda zako, unanipotezea mwendo."

Kovarik alitoka sakafuni akihema. Alikuwa mzazi yeye pia, ingawa hakupenda kuzungumzia hayo kazini.

Katika safu ya mbele alikaa Bibi Skogstad, ambaye hakukosa hata siku moja tangu mwanzo, sindano zake za kufumia zikienda sambamba na bendi. Ndiye aliyemvuta inspekta koti.

"Kijana, mbona mimi huniulizi?"

"Shikamoo, bibi. Uliona nini?"

"Marahaba. Nilimwona Alvina akimwachia."

"Akimwachia nini?"

"Kaka yake! Katikati ya wimbo wa kabla ya ule wa mwisho. Akaishusha mikono yote miwili, hivi, akarudi nyuma hatua moja. Nikasema, loo, anamwangusha. Maana Merle alikuwa amefumba macho, kichwa kimelegea."

"Kisha?"

"Hakuanguka." Sindano zikasimama. "Aliendelea kucheza, macho yamefumba. Akanyoosha mikono, akapapasa papasa, akampata dada yake, akamshika tena. Nilitokwa na machozi. Nikadhani ndio upendo, kumbe sijui ndio nini."

Kovarik akayapanga kichwani. Kipimo cha kumlaza, si cha kumuua. Dada aliyejua habari ya moyo. Dada aliyemwachia makusudi, mbele za watu wote.

Akamkabidhi Dooley koti lake.

"Unakwenda wapi, afande?"

"Kucheza."

*

Mwamuzi alimwonya pembeni: akimsimamisha Alvina, basi ametoka. Kwa hiyo inspekta hakumsimamisha. Aliingia taratibu kati ya mikono yake miwili iliyokuwa imeshika hewa, akaweka mkono wake mmoja mgongoni mwa dada huyo, akaanza kusogeza miguu. Alvina hakushtuka. Alikuwa mwepesi kama koti lililotundikwa.

"Dada Alvina. Ni mimi, Kovarik, wa polisi."

"Najua. Unanikanyaga."

"Samahani." Wakazunguka. "Ulimwambia sajenti kaka yako alikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Hedwig alikuwa amekwambia habari ya moyo wake."

Miguu ya Alvina iliendelea kusogea.

"Ulichukua pakiti kabatini?"

"Ndiyo."

"Ukaitia kwenye kakao?"

"Ndiyo." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilionja kwanza, isije ikawa chungu. Merle hapendi kitu kichungu."

Kovarik akauliza, "Kwa nini?"

"Nilimwomba aache. Nilimwomba kwenye mapumziko, nikamwomba tukiwa tunacheza, nikamwomba kwa jina la Inga. Akasema, 'Alvina, godoro moja zaidi.' Kila mara godoro moja zaidi. Ningefanya nini, afande? Kumvunja mguu? Niliwaza hata hilo." Wakapita mbele ya bendi. "Nikasema nimlaze. Akilala kweli kweli magoti yatakunjika, mwamuzi atamhesabu, atatolewa. Tutambeba nyumbani. Atanichukia mwezi mzima, na atakuwa hai."

"Na hakuanguka."

"Nilimwachia." Hapo ndipo sauti ilipopasuka. "Nilimwachia kwa mikono yangu, nikarudi nyuma. Anguka, nikasema moyoni, anguka basi, Merle. Alikuwa amelala usingizi wa kufa, na miguu ikawa inakwenda tu. Ikamleta kwangu. Akanishika. Mtu gani huyo, afande? Mtu gani anayekataa kuanguka hata akiwa amelala?"

 Inspekta akatazama juu ya kichwa cha Alvina, akaona nyuso za mji mzima zimewaelekea, na Dooley amesimama mlangoni na koti mkononi.

"Halafu wimbo mwingine ukaanza," Alvina akasema, "nikaona sasa mimi ndiye ninayembeba. Nikajua. Shavu lake lilikuwa shavuni kwangu, nikajua. Nikaendelea."

"Kwa nini uliendelea? Na jana, na usiku wote huu?"

"Nilimuua kwa kutaka alale. Mimi ningelalaje?"

Maneno hayo Kovarik aliyarudia baadaye mahakamani, chini ya kiapo, akitazama sakafu. Alvina alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na hakimu, mtu aliyejulikana kwa ukali, alimpa kifungo kifupi kuliko vyote ambavyo sheria ilimruhusu. Lakini alasiri ile hapakuwa na hakimu. Kulikuwa na bendi tu, na mnene mmoja mwenye magoti mabovu akicheza na mshukiwa wake.

"Alvina," akamwambia. "Inatosha."

"Magodoro..."

"Nimekusikia. Inatosha, mwanangu."

Alvina akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba anamwona. Kisha magoti yake yakakunjika. Kovarik alimdaka kabla hajafika chini, lakini mwamuzi alikuwa ameshaona. Akahesabu hadi kumi. Alvina hakusikia hata moja. Alikuwa amelala.

Bendi ikanyamaza. Tibbets akakimbilia kipaza sauti akatangaza washindi: Dutch Mahaffey na Fern! Hakuna aliyepiga makofi. Kovarik alikuwa akitembea kuelekea mlangoni na Alvina mikononi, na safu kwa safu wanaume walikuwa wakisimama na kuvua kofia. Walidhani anampeleka hospitali. Aliwaacha wadhani hivyo.

Mlangoni alisikia zogo nyuma yake.

"Mmeshinda, wajinga nyie!" Tibbets alikuwa akifoka. "Kalaleni!"

"Wewe, mpiga kinanda!" Ilikuwa sauti ya Dutch, imekauka. "Nani amekwambia uache?"

"Mashindano yamekwisha, Dutch. Na nyinyi si wa Kettle Bay."

"Watoto hawataniuliza kwetu ni wapi. Fern, amka kidogo. Unaweza?"

"Godoro moja," Fern akasema bila kufumbua macho.

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka ngazi za juu kwamba ahadi yake bado ipo. Mwingine akadakia, kisha wa tatu. Bibi Skogstad akaokota sindano zake. Kinanda kikaanza, na inspekta, mikono ikimuuma, magoti yakimwaka, akabaki pale mlangoni na mahabusu wake aliyelala, akawatazama wale wawili wakizunguka sakafu ile kubwa tupu, bila mtu wa kushindana nao.

"Gari liko tayari, afande," Dooley akasema.

"Naona," Kovarik akajibu, lakini hakusogea.