Ndoo ya Lamjed

Ndugu zangu, hasira yangu hamtaielewa nisipowaonyesha kwanza jinsi asubuhi ile ilivyokuwa njema kule kilimani.

Zohra alikuwa amebandika mikate kwenye tanuri la udongo, nje ya lango la magofu ya mji wa Warumi. Jua lilikuwa linashuka taratibu kwenye nguzo, mbuzi wanatafuna majani kwenye ngazi za hekalu, na mumewe Lamjed anakunywa chai. Lamjed alikuwa mlinzi wa jumba lenye sakafu ya vijiwe vya rangi. Vijiwe hivyo vilipangwa vikawa picha ya mwanamke mwenye kikapu cha makomamanga, na kijiji kizima kilimwita Bibi wa Makomamanga. Wageni walivuka bahari kuja kumwona, na wakitoka walinunua mkate wa Zohra. Nyumba yao ilikula kwa sababu yake.

Mara basi la wageni likafika, utulivu ukaisha.

"Zohra! Maji!"

"Maji gani? Haya ni ya unga. Nimeyapandisha na punda tangu kisimani."

"Lete, mke wangu, usinibanie. Wageni wanataka rangi."

Akaimwaga ndoo yote sakafuni. Vumbi likatoka, makomamanga yakawaka, wageni wakapiga makofi na kutoa bakshishi. Kila kundi likija, ndoo. Yule mwanamke wa mawe alikunywa kuliko punda aliyeyabeba maji.

"Chokaa inayoshika vijiwe inalainika," Zohra alimwambia. "Nikifagia, vijiwe vinacheza kama meno ya mtoto."

"Jamani, mke wangu anaionea wivu picha!"

Wacheza karata wa mkahawa uliokuwa karibu na lango wakaangua kicheko. "Mwogeshe na mkeo, Lamjed, huenda naye akang'aa!"

Na hao waliocheka, maduka yao yaliishi kwa wageni wale wale! Hilo linaniudhi mpaka leo.

Kule kwetu, kabla ya baridi, sakafu hufunikwa kwa mchanga, ilale salama mpaka maua yachanue. Mama yake Lamjed alikuwa akiubeba kwa kikapu pamoja na wanawake wenzake, wakiimba. Mwaka ule Lamjed akakataa.

"Nikifunika, wageni wa sikukuu waone nini? Mchanga?"

"Waje maua yakichanua, waione sakafu."

"Mbali huko, Zohra."

Zohra akabeba mchanga mwenyewe, akafunika kona moja. Mumewe akaufagia wote mbele za watu. Zohra akarudi na kikapu kitupu, macho yanawaka.

Baridi ikaingia. Maji yaliyonywewa na sakafu yakaganda chini ya vijiwe, yakavimba, yakavisukuma. Uso wa Bibi ukainuka kama ganda la mkate ulioungua. Mama mmoja mgeni akainama, akaokota kijiwe cha jicho.

"Naomba hiki kimoja, kumbukumbu tu."

Na Lamjed, mlinzi mzima, akajibu, "Chukua, mama. Kimeshang'oka hata hivyo."

Wageni wenzake walipoona, wote wakainama, kila mmoja akaokota chake. Walipoondoka, Bibi hakuwa na uso.

Wakubwa wa idara ya mambo ya kale walipofika, wakazungusha waya, Lamjed akanyang'anywa funguo. Sasa mabasi yanapita bila kusimama. Mkahawa umefungwa.

Lamjed alikaa mbele ya tanuri lililopoa. "Nilitaka wamwone vizuri tu."

"Wamemwona," Zohra akasema. "Haya, niambie, mikate yangu nimpe nani?"

Akaichukua ile ndoo ya maji, bado imejaa, akamwekea punda anywe.

FUNZO

Mlinzi hapewi funguo ili apigiwe makofi. Anapewa ili aseme hapana, hata kwa mgeni mwenye tabasamu na bakshishi mkononi. Na wewe unayetembelea magofu, kijiwe unachokiita kumbukumbu ni mkate wa mtu, kiache pale pale. Nasi tuliomcheka Zohra, hata mimi ninayesimulia, tusijifiche nyuma ya Lamjed. Aliyeona uharibifu akaugeuza mzaha, naye alishika ndoo.