Mtungi wa Mama Gyanu

Kila alfajiri Rasmila alijaza maji mtungi wa shaba na kuupandisha hadi jikoni kwa Mama Gyanu, mwenye nyumba, ghorofa ya juu kabisa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Dipak. Kwa miaka miwili Dipak na Rasmila waliishi pamoja katika chumba cha chini, hapa mjini Kirtipur, bila ndoa. Kisha Dipak, ambaye ni nesi, alipata kibali cha kudumu cha kuishi Australia, akaondoka. Sasa Rasmila alitaka kumfuata.

Alikwenda kwa jirani yake Sabita, wakili.

"Kwa nini hamkufunga ndoa mahakamani?" Sabita aliuliza.

"Baba ameapa kwamba siku hiyo atanyoa nywele kama aliyefiwa."

"Basi. Kukosa ndoa si kizuizi. Australia inapokea maombi ya watu wanaoishi kama mke na mume. Kwa kawaida wanataka muwe mmeishi hivyo mwaka mzima au zaidi, tena mthibitishe. Mkataba wa chumba uko wapi?"

Rasmila aliutoa. Sabita aliusoma, akainua macho.

"Dipak Maharjan ni nani? Pasipoti inasema Dipak Pariyar."

"Ndiye huyohuyo, dada. Unajua watu wanavyosema, eti maji yaliyoguswa na Pariyar ni najisi. Kila tulipotaja jina hilo, chumba kilikuwa kimeshapata mtu. Hapa akajiita kwa ukoo wangu."

"Kumnyima mtu chumba kwa sababu ya ukoo ni kosa kisheria."

"Sheria haikuwa na chumba cha kutupangisha, dada."

Sabita hakucheka. "Ukikaa kimya, jina hili litawatia maofisa shaka hata kwa yaliyo kweli. Eleza ukweli na sababu yake. Ambatisha picha, ujumbe mliotumiana, na uthibitisho wa gharama mlizochangia. Kisha mtafute aliyewaona mkiishi pamoja. Aandike alichokiona, na amtaje Dipak kwa jina lake halisi."

Aliyewaona kila siku alikuwa mmoja tu.

Mama Gyanu alikuwa anakoroga dengu.

"Mama, Dipak si Maharjan."

"Ni nani basi, mtoto wa mfalme?"

"Ni Pariyar."

Mwiko ulisimama.

"Alikuwa akiingia humu jikoni."

"Ndiyo, mama."

"Nilipovunjika mguu, alinilisha kwa mkono wake."

"Ndiyo."

Mama Gyanu aliutazama mtungi. "Mngeniambia siku ile, ningewafukuza."

"Ndiyo maana hatukukuambia."

Dengu zilianza kuungua. Hakuna aliyeziepua.

"Lete kalamu," alisema mwishowe. "Siwezi kusema hakuishi hapa. Aliishi, na alikutunza. Nitaandika hivyo. Lakini kuanzia kesho maji usiniletee."

Aliandika ukurasa mzima. Rasmila aliambatisha maelezo yake na ya Dipak, pamoja na vielelezo vyote. Maofisa wa uhamiaji waliuliza kuhusu jina, na jibu lilikuwa tayari limo kwenye maelezo hayo. Baada ya miezi mingi, viza ilitoka.

Siku ya kuondoka, baba yake hakuja. Mama Gyanu alishuka hadi mlangoni, akampaka alama nyekundu ya baraka kwenye paji la uso na kumvisha shada la maua. Mkononi alikuwa na jagi la plastiki.

"Mtungi uko wapi, mama?"

"Ulitoboka. Nimewapa wa vyuma chakavu."

Rasmila alikuwa ameubeba mtungi ule miezi minane. Haukuwahi kuvuja tone.

Dipak alimpokea uwanja wa ndege. Hata kabla hawajafika nyumbani, aliuliza, "Mguu wa mama vipi? Nani anampandishia maji siku hizi?"

Rasmila alikuwa amechoka na uongo. Alimweleza yote, hata habari ya mtungi. Dipak aligeukia dirisha la gari.

"Lakini aliandika?" aliuliza.

"Aliandika."

"Jina gani?"

"Lako. Dipak Pariyar. Kila mahali."